Amani, Imani na Amana: Uhakiki wa Lugha ya Upatanisho katika Burundi

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Bujumbura hana budi kuyashughulikia maneno ambayo kwa wenzake wa kwingineko ni maneno ya kamusi tu. Neno msamaha ni mojawapo. Katika darasa moja la jijini humo tuliwahi kuwataka wanafunzi watunge sentensi kwa kutumia kitenzi samehe. Wengi walitunga sentensi ambazo mwalimu yeyote angezitarajia: mtoto kamkosea mama, mwanafunzi kachelewa shuleni, jirani kaazima jembe na kulivunja. Kijana mmoja hakuandika kitu. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa swali: "Mwalimu, mtu akitaka kusamehe, naye hamjui aliyemuua baba yake, sentensi yake ataimalizaje?"

Swali hilo lilikuwa la sarufi kabla ya kuwa la dini au la siasa. Samehe ni kitenzi kinachotaka yambwa. Husamehewi ukiwa si mtu, wala hakuna kusamehe kunakoelea hewani. Hata hivyo, wimbo unaosikika katika mahubiri mengi ya nchi hiyo tangu vita vikome ni "tusamehe", bila ya kutajwa ni nani anayesamehewa, wala kosa gani.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki lugha ya dini katika kuijenga amani ya Burundi baada ya vita, kama tunavyouhakiki utungo wowote: kwa kuyatazama maneno yake, kuyalinganisha na matendo ya wasemaji, na kuuliza yanamfaa nani. Hatukusudii kuihukumu imani ya mtu. Tunachotaka kujua ni kama maneno tunayowafundisha watoto yanaubeba mzigo yaliotwikwa.

Kwa faida ya wasomaji walio mbali, tukumbushe mambo machache. Mwaka 1972, baada ya uasi uliozuka kusini mwa nchi, yalifanyika mauaji makubwa yaliyowakumba hasa Wahutu, wasomi wakiwa mbele ya orodha. Tarehe 21 Oktoba 1993 aliuawa Rais Melchior Ndadaye, aliyekuwa amechaguliwa miezi michache tu kabla ya hapo. Watutsi wengi wakauawa vijijini, jeshi likalipiza kwa Wahutu, na vita vikaendelea zaidi ya miaka kumi. Hukadiriwa kuwa watu wapatao 300,000 walipoteza maisha. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, baada ya mazungumzo yaliyoanzishwa na Mwalimu Julius Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela. Kundi la mwisho la wapiganaji, FNL, liliweka silaha chini na kuwa chama cha siasa mwaka 2009.

Maneno matatu na sarufi yake

Kiswahili kina maneno matatu ambayo watu huyatumia kana kwamba ni jamaa moja: suluhu, upatanisho na maridhiano. Tukiyachunguza tutaona kuwa kila moja lina tabia yake.

Suluhu lilitujia kutoka Kiarabu, na limeenea hata viwanjani. Timu mbili zikitoka bila ya mshindi, husemwa kuwa zimetoka suluhu. Hapana aliyeshinda, hapana aliyeshindwa, wala hapana aliyelazimika kumpenda mwenzake. Mkataba wa Arusha ulikuwa suluhu kwa maana hiyo hasa. Uligawa madaraka kwa hesabu baina ya Wahutu na Watutsi: katika Seneti na katika majeshi, nusu kwa nusu. Hesabu hiyo iliwasaidia watu kulala. Haikuwataka wasalimiane kwa moyo mmoja, na haikudai kufanya hivyo.

Upatanisho ni neno la mimbarini. Shina lake ni pata, likazaa patana kwa kauli ya kutendana, na patana likazaa patanisha kwa kauli ya kutendesha. Sokoni watu hupatana bei, kila mmoja akipunguza kidogo. Lakini patanisha linamwingiza mtu wa tatu: yupo apatanishaye, na wapo wapatanishwao. Wafasiri wa Biblia walilichagua neno hili kwa kazi ya Mungu ya kumrudisha mwanadamu kwake, na kwa kazi hiyo linafaa, maana katika mafundisho ya Kikristo atendaye ni Mungu na mwanadamu hupokea. Taabu huanza mhubiri anapolihamisha kutoka mbinguni hadi kijijini pamoja na sarufi yake yote. Hapo mjane na muuaji huwa watendwa wote wawili, na mtenda huwa mhubiri mwenyewe, au chama, au serikali. Wanapatanishwa kama vile mizigo inavyopangwa.

Maridhiano ni kitu kingine. Asili yake ni ridhi, na mwisho wake wa -ana hauna nafasi ya mtu wa tatu. Mimi nimeridhika nawe, nawe umeridhika nami. Mmoja akikataa, neno zima linaanguka. Hapana awezaye kuridhia kwa niaba ya mwingine. Ndiyo sababu maridhiano huchelewa kuliko suluhu, na hayawezi kutangazwa kwa kipaza sauti.

Basi tunaweza kusema kuwa wanasiasa wa Burundi walileta suluhu, wahubiri wakahubiri upatanisho, na wananchi bado wanayangoja maridhiano. Makosa mengi ya lugha tutakayoyataja hapa yanatokana na kuliita moja kwa jina la jingine.

Dini yenyewe inasemaje?

Msomaji anaweza kutuuliza: je, wahubiri hawasemi tu yale ambayo dini zao zinawaagiza? Tunathubutu kujibu kuwa, mara nyingi, wanasema machache kuliko yale wanayoagizwa.

Katika mafundisho ya Kikatoliki, mwenye dhambi anayetaka kusamehewa hupitia ngazi: hujuta, huungama kwa kutaja kosa lake, kisha hupewa malipizi. Msamaha haumfikii aliyenyamaza. Katika sheria ya Kiislamu, haki ya kumsamehe muuaji iko mikononi mwa warithi wa aliyeuawa. Wao ndio wanaochagua baina ya kisasi kwa njia ya hakimu, diya, au kusamehe. Na ingawa kusamehe kumesifiwa kuwa ni bora, hapana imamu awezaye kuwachukulia chaguo hilo. Dini zote mbili basi zinamjua mkosaji, zinalijua kosa, na zinamheshimu aliyekosewa. Yambwa ya kijana wetu ipo katika vitabu vya fikihi na katika katekisimu. Imepotea njiani baina ya kitabu na mimbari.

Tena tusisahau kuwa dini si mgeni aliyefika baada ya nyumba kuungua. Wamisionari wa Kikatoliki walianza kazi nchini humo mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miongo mingi elimu ilikuwa mikononi mwao. Shule maarufu ya Astrida huko Rwanda, iliyoendeshwa na mabruda kutoka Ubelgiji, iliwafunza hasa wana wa machifu wa nchi zote mbili, na kwa kufanya hivyo iliukaza mgawanyo ambao utawala wa kikoloni ulikuwa unauandika katika daftari zake. Miaka ya 1980, Rais Jean-Baptiste Bagaza aligombana na Kanisa, akawafukuza wamisionari na kuziwekea vizuizi ibada za siku za kazi. Kanisa lilipata kuwa mwenza wa dola na lilipata kuwa adui wake. Katika hali zote mbili waumini walijifunza kuwa neno la padri lina uzito wa kisiasa. Anayehubiri amani Burundi anahubiri akiwa na historia hiyo begani.

Waliokataa kugawanywa

Uhakiki wa haki hauna budi kutaja mazuri kwa majina yake. Tunayo mifano ambayo ndani yake dini ilisema kwa matendo kile ambacho mahubiri yalishindwa kukisema kwa maneno.

Mfano wa kwanza ni mtaa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambao wakazi wake wengi ni Waislamu. Kwa Warundi wengi jina Mswahili lilikuwa, na kwa wengine bado lingali, jina la mtu mjanja asiyeaminika. Sisi walimu wa lugha hii tunaifahamu dharau hiyo, tumeionja. Lakini baada ya 1993, mitaa ya jiji ilipokuwa ikigawanyika, Kamenge na Kinama kwa Wahutu, Ngagara na Nyakabiga kwa Watutsi, Buyenzi ulibaki mtaa wa mchanganyiko, na watu wa kabila zote walijificha katika nyumba zake. Kiswahili na msikiti viliwapa wakazi jina la tatu, ambalo halikuwa Hutu wala Tutsi.

Hatutaki kuupamba mtaa huo kupita kiasi. Mwezi Machi 1995 mauaji yaliingia Bwiza na Buyenzi. Watu walikufa, na maelfu walivuka mpaka kwenda Uvira. Dini haikuwa ukuta usiopenyeka. Ilikuwa mazoea ya jirani kwa jirani, nayo yaliwaokoa wengi na kushindwa kuwaokoa wengine. Mahubiri yanayougeuza Buyenzi kuwa hadithi ya muujiza yanawaibia waliokufa humo.

Mfano wa pili uko kaskazini mwa jiji hilohilo. Mapema katika miaka ya 1990, wamisionari wa Kixaveri walifungua Kituo cha Vijana cha Kamenge. Vita vilipoizingira mitaa hiyo, kituo kiliendelea kuwakusanya vijana wa pande zote kwa michezo, maktaba, masomo na kambi za kazi. Mwaka 2002 kilipewa tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden. Linalotuvutia sisi ni kuwa hapo vijana hawakuanza kwa kuambiwa wasameheane. Walipewa mpira, kitabu na tofali. Kauli ya kutendana ilitangulia kwa vitenzi vidogo: kuchezeana, kusomeana, kusaidiana. Vitenzi vikubwa viliachwa vije kwa wakati wake.

Mfano wa tatu ni mzito kuusimulia. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliivamia seminari ndogo ya Buta, katika mkoa wa Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Wanafunzi walikataa. Waliuawa 40 kwa risasi na mabomu ya mkono. Kiongozi wa seminari hiyo, Padri Zacharie Bukuru, alieleza baadaye jinsi vijana hao walivyokuwa wamezoezwa kwa muda mrefu kusema waziwazi kuhusu ukabila, hofu na chuki zao, badala ya kujifanya kuwa mambo hayo hayakuwamo bwenini. Neno "umoja" walilolitetea kwa damu lilikuwa limetanguliwa na mazungumzo marefu ya ukweli. Wanaowataja vijana wa Buta kila mwaka mara nyingi husahau sehemu hiyo ya mafunzo yao.

Tumtaje pia Askofu Mkuu wa Gitega, Joachim Ruhuna, aliyeuawa njiani tarehe 9 Septemba 1996. Alikuwa amewalaumu wauaji wa pande zote mbili bila kuficha. Katika lugha ya mimbari, yeye ni miongoni mwa waliokuwa na ujasiri wa kutia yambwa katika sentensi zao.

Mimbari na ikulu

Kuanzia mwaka 2005 nchi iliongozwa na Pierre Nkurunziza, mpiganaji wa zamani aliyekuwa muumini mwenye bidii wa madhehebu ya waliookoka. Mikutano ya sala iliyoandaliwa na yeye na mkewe ilikusanya umati, na lugha ya shukrani na msamaha ikawa lugha ya dola. Hatuna shaka kuwa wengi waliohudhuria walisali kwa moyo. Lakini mhakiki ana wajibu wa kuuliza: anayewataka watu wasamehe akiwa na jeshi nyuma yake, je, anaomba au anaamuru? Kitenzi kilekile, samehe, kikitamkwa na mjane ni zawadi. Kikitamkwa na mtawala kwa mjane, ni hati ya kulifunga jalada.

Mwaka 2015 Rais alipogombea muhula wa tatu na machafuko yakazuka, maaskofu Wakatoliki walipinga, na mwezi Mei wakawaondoa mapadri wao katika kamati za uchaguzi. Mwezi Septemba 2019 barua ya maaskofu iliyosomwa makanisani ililaani uonevu wa kisiasa, na wakubwa wa chama tawala wakaghadhibika. Kwa mtazamo wetu, barua ya namna hiyo ni mahubiri ya amani kuliko mikutano mingi iliyobeba jina la amani, kwa sababu iliyataja matendo. Amani iliyotajwa bila ya matendo huwa jina jingine la kimya.

Suala hili lilijitokeza tena katika Tume ya Ukweli na Maridhiano. Sheria yake ilipitishwa mwezi Mei 2014, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa padri, Jean-Louis Nahimana, akisaidiwa na Askofu Mkuu wa Kianglikana, Bernard Ntahoturi. Uteuzi huo ulifuata mfano wa Afrika Kusini, ambako Askofu Mkuu Desmond Tutu aliongoza tume ya namna hiyo. Lakini huko mkosaji alipewa msamaha wa kisheria kwa sharti la kueleza yote aliyoyatenda. Burundi ilikuwa imekwisha kuwapa wapiganaji kinga ya muda, na kinga haikumtaka mtu aseme neno.

Kuanzia 2018 tume iliongozwa na Pierre-Claver Ndayicariye. Mwezi Februari 2020 ilitangaza kuwa mabaki ya watu zaidi ya 6,000 yamefukuliwa katika mkoa wa Karusi, na mwezi Desemba 2021 ikatamka kuwa mauaji ya 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Familia zilizokaa karibu miaka 50 bila ya kaburi zilisikia hatimaye kuwa wafu wao wamehesabiwa. Hilo ni jambo kubwa, wala hatulipunguzi. Hata hivyo, walionusurika wa 1993 na wa miaka ya vita waliuliza kwa nini majembe yalichimba zaidi upande mmoja wa historia. Ukweli wa nusu hauzai maridhiano. Huzaa zamu.

Methali mbili

Walimu wenzetu, kuna methali inayopendwa sana na wahubiri wa amani: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tunaifundisha wenyewe, na watoto huikariri. Lakini tuisome kama wahakiki. Methali hii imejengwa kwa sitiari ya uganga. Inatamka kwanza kuwa hapana ugonjwa, kisha inatoa dawa. Je, ni nani aliyempima mgonjwa? Anayestahili kusema "si ndwele" ni yule aliyeumwa. Akiisema yeye, ni hekima kubwa. Akiisemewa na aliyemuumiza, ni dhihaka.

Wazee walituachia methali nyingine iliyojengwa kwa sitiari hiyohiyo: mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hizi mbili hazipingani bure. Zinafuatana. Kwanza maradhi yafichuliwe, kisha aliyeugua mwenyewe, akiwa amepata nguvu, aseme kuwa yamepita. Mhubiri anayeanza na ya kwanza na kuisahau ya pili ameugeuza utaratibu wa tiba. Tunapendekeza kuwa zifundishwe pamoja, na mwanafunzi aulizwe ni nani anayesema na ni nani anayeambiwa.

Hitimisho

Hapana nchi ya eneo letu inayoweza kuijenga amani kwa kuipuuza dini, na Burundi kuliko nyingi. Hapana ofisi ya serikali inayokutana na watu wengi kila wiki kama kanisa na msikiti, wala hapana anayeingia nyumba za pande zote mbili siku ya msiba kama padri, mchungaji na shehe. Tunachokitaka ni kuwa lugha yao ilingane na dini yao wenyewe: toba kabla ya msamaha, ukweli kabla ya toba, na uhuru wa aliyekosewa daima.

Lugha yetu imetupa msaada ambao hatujautumia vya kutosha. Maneno amani, imani, amini na amana yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Wahubiri wanayapenda mawili ya kwanza na kulisahau la mwisho. Amana ni kitu ulichokabidhiwa, ambacho si chako, nawe utaulizwa kwacho. Waliofungua milango yao Buyenzi walimpokea jirani kama amana. Vijana wa Buta walimwona mwenzao wa kitanda cha pili kama amana. Na ukweli kuhusu waliokufa ni amana pia, iliyomo mikononi mwa walio hai, wakiwamo viongozi wa dini waliosikia mengi.

Kwa mwalimu, wajibu ni mdogo lakini si mwepesi. Tusimlazimishe mtoto kuimalizia sentensi ambayo nchi yake haijaimalizia. Yule kijana tulimwambia kuwa hakukosea. Kuwa Kiswahili kinamruhusu kusema, "Nitamsamehe nitakapomjua," na kuwa hiyo ni sentensi kamili, yenye nafsi, wakati na yambwa. Aliiandika ubaoni kwa mkono wake, na wenzake wakainakili.

Tungefurahi walimu wa Burundi, Kongo ya Mashariki, Rwanda na Kenya wakituandikia ni neno gani linalotumika mahali pao kwa jambo hili, suluhu, upatanisho au maridhiano, na ni nani anayelitumia.